Ngoma ya waliosazwa: huo wimbo wa Los Prisioneros unamsema nani?

Mi nafundisha Kihispania hapa Arusha, na wanafunzi wangu wengi ni magaidi, yaani waongoza watalii, usije ukapiga simu polisi. Kabla ya darasa nilikuwa porini mwenyewe miaka kadhaa nikibeba wageni wa Kihispania, na kitu ambacho hakuna chuo kitakufundisha ni kwamba ukikaa na wageni kwenye gari siku sita, siku ya tatu hivi wakishachoka kuuliza majina ya ndege lazima mmoja atachomeka simu kwenye redio, wote wataanza kuimba, na wewe dereva unabaki unatabasamu kama mtu aliyeelewa kumbe umeshika neno moja kati ya kumi. Wameksiko wana nyimbo zao. Waajentina wana zao na wanataka uzisikilize zote. Wachile wakiwa zaidi ya wawili kwenye gari kuna moja ambayo haikosi, inaanza na mbwa wanabweka.

Unaitwa El baile de los que sobran, wa kundi la Los Prisioneros, upo kwenye albamu yao ya pili, Pateando piedras, iliyotoka Septemba 1986. Naufundisha karibu kila muhula na mpaka leo jina lenyewe linanisumbua kulitafsiri. Leo nataka nimalize hilo suala la jina, ila itabidi tuzunguke kidogo kabla hatujafika.

Mara ya kwanza kuusikia kwa makini tulikuwa geti la Naabi, Serengeti, pale ambapo foleni ya karatasi ikishakuwa ndefu unaweza kukaa saa nzima unaangalia ndege wakiokota makombo ya lanchi boksi. Nilikuwa na mzee mmoja wa Santiago, umri kama miaka sabini hivi, na mkewe na binti yao. Binti akaweka wimbo. Mi nikajitia mjuaji, nikawaambia huu naufahamu, unahusu dansi la watu waliobaki nyuma, na kuna habari za michezo kumi na miwili, nadhani olimpiki ama nini. Binti alicheka mpaka akamwaga maji. Mzee hakucheka. Alinyoosha mkono kwenye dashibodi ambayo ilikuwa vumbi tupu, akaanza kuchora mistari kwa kidole huku anahesabu, primero básico, segundo básico, tercero, hivo hivo, alipofika mstari wa nane akaacha nafasi kidogo, akaongeza minne mingine. Akaniangalia. "Doce juegos," akasema.

Kumbe ni madarasa.

Shule ya Chile ni miaka 8 ya msingi na 4 ya sekondari, mfumo uliowekwa na mageuzi ya 1965, kwa hiyo mtoto aliyemaliza kidato cha mwisho amecheza "michezo" yote kumi na miwili. Hakuna Mchile anayehitaji kuelezwa hilo. Mimi nilikuwa na kamusi mbili na cheti na sikulijua.

Sasa kwa nini michezo? Hapa ndo utamu wa lugha unapoanza. Kihispania kina namna ya kusema jugar a, unaweka kitu mbele, na maana yake ni kucheza ukijifanya, kama watoto wanavyocheza baba na mama: huyu baba, huyu mama, yule kichanga, mchanga ndo ugali. Kwenye ubeti wa pili anasema walipokuwa wadogo waliambiwa jueguen a estudiar. Ukitafsiri "someni kwa bidii" umeua kila kitu. Ni "chezeni kusoma", chezeni shule-shule, kama kibaba-baba. Miaka kumi na miwili ya kupika mchanga halafu jioni mama anakuita, mchezo umeisha, na ule ugali wa mchanga hauliki.

Kidogo kuhusu wao wenyewe. Ni vijana watatu, Jorge González aliyekuwa anaimba na kupiga besi na ndiye mtunzi, Claudio Narea gitaa, Miguel Tapia ngoma, walikutana sekondari huko San Miguel, wilaya ya kusini mwa Santiago, watu wa hali ya kawaida, si masikini wa kutupwa na si wa mjini penye taa. González aliandika huu wimbo akiwa na miaka ishirini na kitu kidogo. Nchi ilikuwa chini ya Jenerali Pinochet tangu mapinduzi ya 11 Septemba 1973, na mwezi huohuo albamu ilipotoka, tarehe 7, msafara wa Pinochet ulivamiwa Cajón del Maipo, walinzi wake watano wakafa, yeye akapona, na serikali ikatangaza hali ya hatari nchi nzima. Fikiria unatoa kaseti wiki hizo.

Lakini hasira ya wimbo haikuanzia kwenye bunduki, ilianzia mfukoni na darasani. 1982 uchumi wa Chile ulianguka vibaya, pato la taifa lilishuka zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka mmoja, na hao waliomaliza shule miaka ile walitoka getini na vyeti wakakuta kazi zilizopo ni vibarua vya dharura vya serikali, kufagia barabara na kupanda majani kwa ujira wa kununulia mkate. Wakati huohuo shule za umma zilitolewa wizarani zikakabidhiwa manispaa, pesa ikawa inafuata idadi ya wanafunzi, na shule za binafsi zikaruhusiwa kuchukua ruzuku hiyohiyo. Manispaa tajiri iliongeza yake juu. Manispaa masikini haikuwa na cha kuongeza. Ukiwa na hilo kichwani ubeti wa tatu unaacha kuwa malalamiko ya kijana, unakuwa kama ripoti ya mkaguzi.

Haya, jina. El baile ni rahisi, ngoma, dansi, disko, chagua. Mi nimechagua ngoma kwa sababu kwetu ngoma ni chombo, ni mchezo, na vijana wa mjini wanaita ngoma hata wimbo wenyewe, kwa hiyo neno moja linabeba mizigo mitatu bila kulalamika. Shida ni los que sobran.

Sobrar. Ukienda sokoni na elfu kumi ukatumia nane, te sobran elfu mbili, umebakiwa na elfu mbili, safi kabisa. Chakula kilichobaki ni las sobras, viporo, makombo. Ukimwambia mtu estás de sobra umemwambia hapa hutakiwi, tumetosha bila wewe. Kwa pesa ni neno la furaha, kwa chakula ni la kawaida, kwa mtu ni tusi. Neno ni lilelile.

Nilianza na "waliobaki". Wanafunzi wengi huanza hapo pia, na si kosa la ujinga, ila ubeti wa kwanza unasema mis amigos se quedaron, marafiki zangu walibaki, na hapo kitenzi ni kingine, quedarse, kubaki mahali, kubaki palepale. Sasa ukitumia kubaki kote kote umeunganisha vitu viwili ambavyo yeye alivitenganisha. Kubaki palepale ni jambo la miguu. Sobrar ni jambo la hesabu. Unakumbuka hesabu za darasa la tatu, kumi na tatu gawanya kwa nne, jibu tatu, baki moja? Ile baki moja. Haijafanya kosa lolote, ni moja kama wenzie kumi na wawili, ila mgawanyo umeisha na yeye amekaa pembeni kulia mwa jibu, na mwalimu akikwambia "andika jibu bila baki" hata pale pembeni hayupo.

Nikajaribu "wasiohitajika". Limekaa kama barua ya ofisini, na pia linasema hisia za watu, hawakuhitaji, wakati sobrar haisemi hisia za mtu, inasema idadi imepita. Nikaenda kwa "waliozidi". Hili ni zuri, zuri sana, ni lugha ya stendi, konda anasema watu wamezidi shuka mmoja trafiki yuko mbele. Unaliona gari, unaliona lile jicho la kila mtu kuangalia kwingine ili asishuke yeye. Ila Kiswahili kinapenda kuzidi, mtu amezidi uzuri, amezidi maarifa, kwa hiyo "ngoma ya waliozidi" ukiisoma peke yake kwenye bango unaweza kudhani ni sherehe ya mabingwa.

Halafu siku moja nakula kwa dada yangu akasema maneno ambayo kila mtu husema, mmekula mmesaza, alhamdulillahi. Kusaza! Kula mpaka ushibe na ukaacha. Waliosazwa ni wale ambao wenye meza wameshiba kabla ya kuwafikia. Nilikuwa na mkono wenye mchuzi nikaomba kalamu.

Miaka miwili nimefundisha "Ngoma ya waliosazwa" nikijisikia mjanja, mpaka mwanafunzi mmoja, dada mmoja mkimya ambaye sasa hivi anapeleka Wahispania Tarangire na anazungumza kuliko mimi, akanyoosha mkono. Akaniuliza, mwalimu, kusazwa si lazima kuwe na mtu aliyekula? Nikasema ndio. Akasema, sasa kwenye Kihispania yuko wapi?

Aisee. Hayupo. Sobran ni kitenzi kisicho na mtendaji nyuma yake. Watu wanazidi kama maji yanavyojaa ndoo, wenyewe tu, hakuna aliyekula, hakuna aliyegawanya, hakuna aliyefunga mlango. Kiswahili changu kwa ile w ya mwisho-mwisho, ile ya kutendwa, kilikuwa kimeshamtaja mshtakiwa kwenye jina la wimbo kabla hata mbwa hawajabweka.

Nilirudi nyumbani nikaandika wimbo wote kwenye karatasi nikapigia mstari watendaji tu, yaani nani anafanya nini, kama ninavyowafanyisha wanafunzi wa mwezi wa kwanza. Na ndo nikaona kitu ambacho kwa maoni yangu ndio wimbo wenyewe. Sikiliza.

Ubeti wa kwanza hakuna mtu anayefanya jambo baya. Ni usiku mwingine wa kutembea, ni mwisho mwingine wa mwezi sin novedad, bila jipya. (Hiyo sin novedad pia ni maneno ya mlinzi akitoa taarifa, hali shwari afande, hakuna tukio, na kwenye nchi ya wanajeshi mwaka 1986 hilo neno sidhani kama aliliokota kwa bahati mbaya. Na mwisho wa mwezi! Sisi tunasema tarehe mbovu tukimaanisha kumi na nane, ishirini hivi, mshahara umekata, lakini kwa asiye na kazi hata tarehe thelathini ni mbovu.) Marafiki walibaki. Michezo iliwaisha, se les acabaron, na hiyo sarufi ya Kihispania ni kiboko kwa kukwepa lawama, ndo ileile ya kusema "sahani imenivunjikia" badala ya nimeivunja. Kila kitu kinatokea chenyewe.

Ubeti wa pili anatokea mtu lakini hana uso. Nos dijeron, walituambia. Nani? Kihispania hakidai umtaje, kitenzi kinatosha. Walituambia binadamu ni ndugu na wafanye kazi pamoja, ulisikia ushauri, macho kwa mwalimu, na jua lilikuwa jingi juu ya vichwa. Huo mstari wa jua naupenda kuliko mistari yote, sijui kama ni uwanja wa gwaride la asubuhi au ni matumaini ama ni vyote. Halafu anasema haikuwa kweli sana, no fue tan verdad. Angalia adabu yake, hasemi walidanganya, anasema ile kweli ilipungua kidogo. Michezo iliishia kwa wengine wenye mataji na maisha ya mbele, na marafiki zangu ikawaacha wanapiga mawe mateke.

Ubeti wa tatu ndo pazia linafunguka. A otros, wengine walifundishwa siri ambazo wewe hukufundishwa, wengine walipewa kwelikweli esa cosa llamada educación, kile kitu kinachoitwa elimu. Kile kitu! Kama unamsimulia mtu tunda ulilolisikia tu kwa watu wa mbali. Na hapo kwa mara ya kwanza anasimamisha kiwakilishi wazi, ellos, wao, na anakirudia mara mbili, wao walidai bidii, wao walidai kujituma. Kihispania hakihitaji ellos hapo, pedían peke yake inatosha, mwanafunzi wangu akiweka ellos kila mahali namkata alama. Mtunzi akiliweka wakati halihitajiki ameinua kidole, anaonyesha mtu. Hamtaji jina. Mwaka ule kila msikilizaji alikuwa na jina lake tayari.

Kwa hiyo wimbo unaanza na watu waliozidi wenyewe na unaishia umemkamata aliyegawanya. Ni upelelezi uliofanywa kwa sarufi. Nikitafsiri jina "waliosazwa" nimetoboa siri ukurasa wa kwanza.

Dawa niliyoipata wengine watasema nimechakachua lakini darasani inafanya kazi: kiitikio cha kwanza na cha pili tunaimba "jiungeni na ngoma ya waliozidi", na cha mwisho, baada ya wao kutajwa, tunaimba "ngoma ya waliosazwa". Silabi zinatosha kwenye mdundo, nimehesabu. Kwenye bango juu naandika waliosazwa kwa sababu bango linataka neno lenye meno, basi.

Kwenye hicho kiitikio kuna mtego mwingine nisiouruke. Anasema nadie nos va a echar de más. Kihispania cha kila siku kina echar de menos, kummisi mtu, kuwa na hamu naye, na wataalamu wa asili za maneno wanasema ilitokana na achar menos ya Kireno na Kigalisia, kukuta mtu amepungua, unahesabu watu mezani unakuta wamepungua mmoja, basi moyo unauma. Hesabu tena, unaona? González akaipindua, akaweka más badala ya menos. Njia moja ya kuisikia ni kejeli, hakuna atakayetumisi, tukiondoka hesabu yao iko sawa. Njia ya pili ni kwamba echar pia ni kutupa, kufukuza, na kwa hiyo kwenye ngoma hii hakuna atakayekuambia umezidi toka nje. Niliwahi kuwapanga Wachile watatu meza moja waniambie ni ipi wakaanza kugombana wao kwa wao. Mi nasimama na zote mbili lakini nikilazimishwa nachukua ya pili, kwa sababu mstari wa kabla yake ni mwaliko, únanse, jiungeni, na mtu hakualiki halafu hapohapo akakwambia hupendwi. Na mstari unaofuata ndo unarudi kwenye uchungu, kwamba hakuna aliyetaka kutusaidia kwelikweli.

Na kwa nini ngoma, kwa nini wasiandamane? Muziki wa upinzani Chile wakati ule ulikuwa wa magitaa na mashairi yenye mafumbo, watu wamekaa chini na shali mabegani, na hawa vijana wa San Miguel walikuwa wanaukejeli waziwazi tangu albamu yao ya kwanza ya 1984. Wao walitaka mashine ya ngoma, sinthesaiza, kitu cha kuchezeka. Kwa hiyo unapata wimbo wa huzuni ambao mguu wako unagonga sakafu bila ruhusa yako. Mbwa wanaobweka pale mwanzo ni mbwa wa mtaani usiku, kila aliyewahi kurudi nyumbani kwa miguu saa saba usiku anawajua, Santiago au Unga Limited hapa Arusha.

Pateando piedras, jina la albamu, limetoka humuhumu kwenye wimbo. Kupiga mawe mateke: kijana anatembea hana pa kwenda, kuna kajiwe mbele anakapiga, anakafuata, anakapiga tena. Wachile wanalitumia kwa mtu asiye na kazi na aliyekata tamaa. Nikifika hapa darasani huwa sielezi chochote, nauliza tu, sisi vijana wasio na kazi tunasema wako wapi? Darasa zima: kijiweni! Basi. Jiwe hilohilo, wenzetu wanalipiga teke na sisi tumelikalia. Sijawahi kupata tafsiri iliyojileta yenyewe namna hiyo, na ukiniuliza mistari ipi itafsiriwe kwa uhuru nitakwambia huo wa mwisho, "tukaishia kucheza ngoma na kukaa kijiweni", ingawa unapoteza ile sauti ya jiwe likigonga lami.

Kuna mtu aliwahi kunibishia kwamba González mwenyewe alifika chuo kikuu, alianza muziki Universidad de Chile na ndiko alikokutana na Carlos Fonseca aliyekuja kuwa meneja wao, kwa hiyo anawasemea watu wa kijiweni yeye akiwa si wa huko. Kweli alifika. Alianza, hakumaliza. Ila soma tena, hasemi nilibaki, anasema marafiki zangu walibaki, halafu anageuka, igual que tú, kama wewe. Sisi inaanza kuja kwenye kiitikio, ngoma inapoanza. Hakujidai.

Kilichoupa wimbo maisha ya pili, na ya tatu, ni kwamba jambo lenyewe halikuisha. Pinochet alishindwa kura ya 5 Oktoba 1988, bendi ilikuwa imesema hadharani itapiga No, yaani hapana, asiendelee kutawala, na ikalipia hilo, na aliondoka ikulu 11 Machi 1990. Siku moja kabla, tarehe 10, akaacha sheria ya elimu iliyoulinda mfumo uleule, na ilidumu mpaka 2009. Kwa hiyo 2006 wanafunzi wa sekondari waliingia barabarani, wakaitwa mapengwini kwa sababu ya sare zao za bluu iliyokolea na shati jeupe, 2011 wa vyuo wakafuata wakidai elimu ya umma, ya bure na yenye ubora, mmoja wa viongozi wao Gabriel Boric baadaye akawa rais. Wote hao wimbo walikuwa nao mdomoni, na wengi hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. Halafu Oktoba 2019 nauli ya metro Santiago ikapanda peso 30 tu, kutoka 800 kwenda 830 saa za msongamano, nchi ikalipuka, jeshi mitaani, amri ya kutotoka nje usiku, na watu wakaimba waliosazwa madirishani, na tarehe 25 wakaimba zaidi ya milioni moja pale Plaza Baquedano. González, ambaye alipata kiharusi 2015 na alikuwa ameshaacha jukwaa, alipoulizwa alisema ni huzuni kwamba bado unaimbwa. Mtunzi gani mwingine hapendi wimbo wake uimbwe na milioni?

Nimesema yule mzee wa Naabi hakucheka. Karatasi zetu zilikuwa zimetoka, nimeshawasha gari, binti akaurudia wimbo tangu mwanzo maana sasa nilikuwa nimeelewa ile michezo kumi na miwili na alitaka nisikie vizuri. Ulipofika ubeti wa pili, pale macho yanapokuwa kwa mwalimu, mzee akageukia dirishani, mi nikajua anaangalia swala. Mkewe akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mumewe amefundisha shule ya manispaa maisha yake yote, San Miguel hukohuko karibu, hesabu, na mwaka 1986 alikuwa darasani.

Mzee alisikia. Hakugeuka, alisema tu, profe, mimi kweli niliwaambia hivyo.

Ile mistari kumi na miwili kwenye dashibodi sikuifuta mpaka tuliporudi Arusha, wakanioshea gari.